Msimbo Hutunza Uamuzi na Kupoteza Sababu

Toleo la sita la mfumo endeshi wa Unix, lililotoka mwaka 1975, lina dokezo moja, yaani maelezo yanayoachwa ndani ya programu kwa ajili ya msomaji, ambalo waandishi wa programu wamekuwa wakilinukuu kwa kicheko tangu hapo. Limo katika sehemu inayoitoa kompyuta kwenye kazi moja na kuipeleka kwenye nyingine, nalo linamwambia msomaji kwamba hatarajiwi kuelewa kinachofanyika mahali hapo. Wengi walilichukua kuwa kiburi cha mabingwa. Dennis Ritchie, mmoja wa waasisi wa Unix, alikuja kufafanua kwamba halikuandikwa kwa dharau. Lilikusudiwa kuwa kama kauli ya mwalimu anayewatuliza wanafunzi kwamba jambo hili halitatoka kwenye mtihani. Kisha akaongeza maelezo yanayostahili kusikilizwa kuliko dokezo lenyewe: tatizo halisi, alisema, ni kwamba hata wao hawakuwa wakielewa kilichokuwa kikitendeka.

Wanaolinukuu dokezo hilo huliacha jambo moja nyuma, nalo ni kwamba sentensi ile imetanguliwa na maelezo marefu kidogo, ambayo yanataja kwa usahihi hatua ile inafanya nini. Kisichotajwa ni kwamba mbinu nzima ilisimama juu ya tabia ya kompaila (programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa maagizo ya mashine) ya kompyuta ya PDP-11, ambayo ilihifadhi rejista, yaani vihifadhi vidogo vya ndani ya kichakataji, kwa namna ileile kila mara. Unix ilipohamishiwa kwenye mashine ya Interdata, ambayo kompaila yake ilibadili utaratibu huo kulingana na rejista zilizotumika, mbinu ikashindwa, na katika toleo la saba la mwaka 1979 sehemu hiyo ikawa imeandikwa upya. Waandishi walikuwa na mistari yao wenyewe mbele yao, pamoja na maelezo yao wenyewe, na hakuna kilichokuwa cha uongo. Lililokosekana ni sharti ambalo juu yake kila kitu kilitegemea, na sharti hilo halikuandikwa popote kwa sababu, maadamu mashine ilikuwa moja, hapakuwa na aliyelazimika kulisema.

Waandishi wa programu wanapolalamika kwamba hawauelewi msimbo, yaani maandishi ya programu, walioutunga wenyewe mwaka mmoja au miwili iliyopita, huwa wanapewa moja ya sababu mbili: ama kumbukumbu ya binadamu ni dhaifu, ama waliandika ovyo. Zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini sidhani kwamba zinagusa kiini cha tatizo. Msimbo ni kumbukumbu ya maamuzi. Kila mstari ni njia moja iliyochaguliwa miongoni mwa njia kadhaa zilizokuwapo, na kinachobaki kwenye maandishi ni ile iliyochaguliwa tu; zilizokataliwa, pamoja na sababu za kukataliwa kwake, hubaki kichwani mwa mwandishi kwa muda kisha hutoweka. Ndiyo maana mtu anaweza kuusoma msimbo wake wa zamani mstari kwa mstari, akafuatilia kila thamani inakotoka na inakokwenda, akajua bila shaka yoyote mashine itafanya nini, na bado asithubutu kubadili hata neno moja.

Peter Naur, mwanasayansi wa kompyuta wa Denmark, alilieleza jambo hili mwaka 1985 kwa namna ambayo mpaka leo sijaona iliyoipita. Kwake, maandishi ya programu ni mabaki. Programu yenyewe ni nadharia iliyomo akilini mwa waliotunga, yaani ufahamu wa jinsi mambo ya ulimwengu yanavyolingana na sehemu za msimbo, wa kwa nini kila sehemu ikawa kama ilivyo, na wa namna ya kulipokea hitaji jipya bila kuharibu umbo la kazi nzima. Alifika mahali pa kusema kwamba programu hufa pale kundi lenye nadharia yake linapotawanyika, hata kama inaendelea kuzunguka kwenye mashine, na kwamba nadharia hiyo haiwezi kurejeshwa kikamilifu kwa kusoma maandishi peke yake. Naur alikuwa akiwazungumzia zaidi watu wanaoachiana kazi. Ninaloongeza ni kwamba kundi linaweza kuwa la mtu mmoja, na halihitaji yeyote aondoke ili litawanyike. Inatosha mtu huyo apewe mradi mwingine, ashughulike nao miezi minane, kisha aambiwe arudi kwenye ule wa kwanza.

Kuhusu kumbukumbu, kuna utafiti wa zamani wa saikolojia unaofaa kukumbukwa hapa. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon walichapisha majaribio ya kuwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao kwa sekunde chache, kisha kuwataka waupange upya kutoka kichwani. Bingwa alirudisha kete nyingi kuliko mwanafunzi pale mpangilio ulipotokana na mchezo halisi. Kete zilipotawanywa bila utaratibu, ubora wake ulikaribia kutoweka. Bingwa hakuwa na kumbukumbu kubwa kuliko wengine, bali aliona makundi ya kete yenye maana pale ambapo mwanafunzi aliona kete mojamoja. Mwandishi wa programu aliye katikati ya kazi yuko katika hali hiyohiyo ya bingwa: mistari 40 iliyo mbele yake huiona kama mawazo matatu au manne. Akirudi baada ya mwaka, macho yaleyale yanakutana na mistari 40. Ujuzi wake wa lugha ya programu haujapungua, pengine umeongezeka. Yaliyoyeyuka ni yale makundi, na makundi hayo ndiyo yaliyokuwa yameshikilia sababu.

Chukua mfano mdogo ambao yeyote aliyewahi kuifanya kazi hii atautambua. Programu inapokea faili kutoka mfumo mwingine, na kabla ya kulifungua inasubiri sekunde mbili. Hapana utata wowote wa kusoma: mstari unasema subiri sekunde mbili, na mashine inasubiri sekunde mbili. Lakini kwa nini? Huenda mfumo ule mwingine huandika faili vipande vipande, na bila kungoja utasoma nusu ya data. Huenda seva ilikuwa ikizidiwa na maombi, na mtu akaona ni busara kupunguza kasi. Huenda mwandishi alikuwa akitafuta hitilafu usiku, akaweka kituo cha muda ili ayaone matokeo vizuri, kisha akasahau kukiondoa. Sababu ya kwanza inadai mstari ubaki, au ubadilishwe na njia imara zaidi ya kuhakikisha faili limekamilika. Ya pili inadai mtu apime tena, kwani seva ile huenda imeshabadilishwa. Ya tatu inadai mstari ufutwe leo hii. Hatima tatu tofauti kabisa, na maandishi ni yaleyale hadi herufi ya mwisho.

Mbele ya mstari kama huo, mwandishi mwangalifu huuacha. Hauelewi, programu inafanya kazi, basi asiuguse. Tabia hii ina sura ya busara, na mara nyingi ni busara kweli, ila gharama yake ni kwamba kila kitu kisichoeleweka hudumu na kuhamishwa pamoja na msimbo hadi mahali ambapo sababu yake haipo tena.

Hilo ndilo lililotokea kwa roketi ya Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, na yapata sekunde 40 baadaye ikapotoka njia na kulipuka angani. Mkasa huu husimuliwa kama kisa cha namba iliyozidi chombo chake, na ni kweli: programu ya kifaa cha kupima mwelekeo na mwendo ilijaribu kuigeuza namba yenye desimali ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, thamani ikawa kubwa kuliko inayoweza kubebwa, kompyuta ikasimama, na ya akiba, iliyokuwa na programu ileile, ikawa imesimama kwa kosa hilohilo. Lakini ripoti ya bodi ya uchunguzi, iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions, ina mambo mawili ambayo kwa maoni yangu yana uzito kuliko namba yenyewe.

La kwanza ni kwamba programu ile ilichukuliwa kutoka roketi iliyotangulia, Ariane 4, na huko waandishi walikuwa wameliona tatizo. Walivitambua vigeu saba, yaani thamani zinazobadilika programu inapoendeshwa, ambavyo ugeuzaji wake ungeweza kuleta hitilafu. Vinne wakaviwekea kinga na vitatu wakaviacha, kwa sababu kompyuta haikutakiwa kuzidisha asilimia 80 ya uwezo wake, na kwa sababu waliridhika kwamba vitatu hivyo ama vinazuiwa na maumbile ya safari ama vina nafasi kubwa ya usalama. Kwa safari za Ariane 4 hoja hiyo haikuwahi kuleta madhara. Ariane 5, yenye mwendo wa mlalo mkubwa zaidi mwanzoni mwa safari, iliivunja. Bodi iliandika kwamba ndani ya msimbo wenyewe hapakupatikana rejeo lolote la uhalali wa uamuzi ule, na kwamba katika wingi wa nyaraka za mradi dhana hiyo ilikuwa imefichika, ingawa si kwa makusudi, machoni pa wakaguzi wa nje. Msimbo ulionyesha kwamba vigeu vitatu havina kinga. Haukuonyesha kwamba kukosa kinga kulikuwa matokeo ya hesabu, wala kwamba hesabu hiyo ilihusu roketi nyingine.

La pili ni kwamba sehemu iliyoshindwa haikuwa na kazi yoyote wakati iliposhindwa. Ilikuwa inasawazisha kifaa kabla ya kuruka, na iliachwa iendelee kwa takriban sekunde 40 angani kwa sababu ya hitaji la aina za zamani za Ariane, ambapo kuhesabu kuelekea kuruka kungeweza kusimamishwa sekunde za mwisho na kuanzishwa upya haraka. Ariane 5 haikuwa na hitaji hilo. Bodi ilidhani kwamba sehemu hiyo ilibakizwa kwa maoni kuwa si vyema kuibadili programu iliyofanya kazi vizuri kwenye Ariane 4, pasipo ulazima uliothibitishwa. Hapa wahandisi wa anga, katika moja ya miradi mikubwa kabisa ya Ulaya, walikuwa mahali pale pale alipo mtu anayeutazama mstari wa kusubiri sekunde mbili.

Kisa cha Knight Capital, kampuni ya udalali wa hisa ya Marekani, ni ndugu wa hiki. Tarehe 1 Agosti 2012 ilipoteza zaidi ya dola za Marekani milioni 460 kwa muda wa dakika 45 hivi, baada ya programu mpya kuitumia tena alama ya kuwashia iliyowahi kuendesha kazi ya zamani. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa tangu mwaka 2003 ila msimbo wake haukuondolewa, na katika seva moja kati ya nane toleo jipya halikuwekwa. Alama ilipowashwa, msimbo uliosahauliwa ukaamka na kuanza kutuma maagizo sokoni.

Nikirudi kwa mwandishi wa kawaida na kazi yake ya kawaida, ushauri anaopewa mara nyingi zaidi ni kuandika kwa usafi: majina yanayoeleweka, vipande vifupi, kila kipande na kazi moja. Sina ugomvi na ushauri huo, na anayekiita kigeu chake x2 wakati kinabeba tarehe ya malipo anastahili kulaumiwa. Hata ile kauli ya Brian Kernighan na mwenzake P. J. Plauger, walioandika pamoja kuhusu mtindo wa kuandika programu, kwamba kutafuta hitilafu ni kugumu maradufu kuliko kuandika, na kwa hiyo anayeandika kwa ujanja wake wote atakosa ujanja wa kutafutia hitilafu, bado inafaa kurudiwa kwa vijana wanaofurahia kuzifinyanga hatua kumi ndani ya mstari mmoja. Lakini usafi huharakisha tu jibu la swali la mstari unafanya nini. Mstari wa kusubiri sekunde mbili ulikuwa safi. Kuna hata hatari kwamba msimbo safi unampa msomaji hisia ya kuelewa kabla hajaelewa, kwa kuwa kila kitu kinasomeka kama sentensi, na kinachosomeka vizuri hakiulizwi maswali.

Tena usafi wenyewe hufuata mitindo. Kinachosifiwa leo kama uandishi bora kitaonekana cha kizamani baada ya miaka kumi, na mtu anayeukunjia uso msimbo wake wa zamani mara nyingi anaukunjia mtindo uliopita. Hapo ndipo hutolewa ile faraja inayopendwa sana, kwamba ukiuona msimbo wako wa zamani ni mbaya basi umekua kitaaluma. Siipendi faraja hiyo. Inageuza upotevu wa taarifa kuwa ushahidi wa maendeleo, na inamzuia mtu kuuliza kama alichokiona kibaya kilikuwa kibaya kweli au kilikuwa jibu sahihi la hali ambayo hakuiandika na sasa haikumbuki.

Gharama ya swali hilo kutoulizwa huonekana pale watu wanapoamua kuandika kila kitu upya. Netscape, ambayo kivinjari chake kiliwahi kutawala intaneti, iliuweka wazi msimbo wake mwezi Machi 1998, na kabla ya mwaka kwisha ikaamua kujenga upya karibu kila kitu juu ya injini mpya ya kuonyesha kurasa. Toleo la 5 halikutoka kamwe. Toleo la 6 lilitoka Novemba 2000, na katika muda huo mshindani wake, Microsoft, aliendelea kutoa matoleo na kuchukua watumiaji. Haki inadai tukiri kwamba kazi ile hatimaye ilizaa Firefox mwaka 2004, kwa hiyo si kweli kwamba uandishi upya hauzai kitu. Hata hivyo msimbo wa zamani wa kivinjari umejaa vipande vinavyoonekana kama uchafu na ambavyo kila kimoja kiliingia kwa sababu ukurasa fulani, kwenye mashine fulani, ulikataa kuonekana sawasawa. Anayeanza upya bila orodha ya sababu hizo atakutana nazo moja baada ya nyingine, kama hitilafu.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa waandishi wa programu ajabu ni kwamba daftari wanalo. Mifumo ya kuhifadhi matoleo ya msimbo ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani: SCCS, ya Marc Rochkind wa Maabara ya Bell, ilianza mwaka 1972, na Git, ambayo leo imeenea karibu kila mahali, ilianzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005. Mifumo hii humjibu mtu, bila kukosea, ni nani aliyebadili mstari gani, siku gani, na ulikuwaje kabla ya hapo. Swali la kwa nini limeachiwa nafasi moja tu, nayo ni ujumbe mfupi ambao mwandishi huandika anapoliingiza badiliko lake. Nafasi hiyo ndiyo inayojazwa maneno kama «marekebisho», «nimerekebisha tena», au «sasa inafanya kazi», yaani maelezo yanayorudia kile ambacho mfumo ulikuwa umeshakijua.

Wapo wanaoitumia nafasi hiyo ipasavyo. Mwongozo wa kutuma mabadiliko kwenye kiini cha mfumo endeshi wa Linux unamtaka mtumaji aanze kwa kueleza tatizo, amridhishe msomaji kwamba tatizo lipo na lina uzito, na aandike maelezo yanayojitosheleza badala ya kumpeleka msomaji kwenye mazungumzo ya mahali pengine. Kwa sababu hiyo ni jambo la kawaida katika kiini hicho kukuta badiliko la mstari mmoja lililobeba aya tatu za maelezo. Asiyezoea anaweza kudhani ni urasimu. Aya zile ndizo nadharia ya Naur ikitolewa kichwani na kuwekwa mahali ambapo miaka haiwezi kuifikia kwa urahisi, na kwa kuwa zimeambatana na badiliko la siku ile, hazina hatari ya kupitwa na wakati kama madokezo yanayokaa ndani ya msimbo, ambayo mara nyingi hubaki yakieleza mstari uliokwisha kubadilishwa chini yake.

Majaribio, yaani programu ndogo zinazoikagua programu kuu, nayo hutunza sehemu ya sababu. SQLite, programu ya hifadhidata iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000 na ambayo waundaji wake wanakusudia kuihudumia hadi mwaka 2050, ina msimbo wa majaribio unaozidi msimbo wa programu yenyewe mara mia kadhaa, na kanuni yao ni kwamba hitilafu haihesabiwi kuwa imerekebishwa mpaka liongezwe jaribio ambalo lingeifichua. Kwa njia hiyo kila kosa la zamani linaacha mlinzi mahali lilipopitia. Ila mlinzi huyo hujua kupiga kelele tu. Jaribio linalodai jibu liwe 17 litamzuia mtu kulifanya liwe 18, lakini halitamwambia kama 17 ni matakwa ya sheria, ombi la mteja mmoja aliyekwisha kuondoka, au bahati tu ya siku jaribio lilipoandikwa.

Mfano wa mbali kabisa upande wa pili ni mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth na programu yake ya kupanga maandishi ya vitabu, TeX, ambayo alianza kuishughulikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1984 alitangaza mbinu ya kuandika programu kama maelezo yanayomlenga msomaji binadamu, huku msimbo ukiwa umepachikwa ndani yake, na TeX yenyewe imeandikwa hivyo. Zaidi ya hapo aliweka orodha ya makosa na mabadiliko yote ya programu hiyo, akayachambua kwa aina zake, na kuchapisha uchambuzi huo mwaka 1989. Siku hizi huyapitia makosa yanayoripotiwa kwa vipindi vinavyoongezeka mwaka mmoja kila mara: alifanya hivyo mwaka 2014, kisha 2021, na zamu inayofuata imepangwa kuwa 2029. Mtu huyu anaweza kuikaa mbali programu yake kwa miaka saba, akarudi, akarekebisha mambo madogomadogo na kuendelea na shughuli nyingine.

Ni rahisi kusema kwamba Knuth ni Knuth. Jibu hilo halinitoshi, ingawa nakiri kwamba hali yake si ya kila mtu: programu yake aliifunga isipokee mambo mapya, na hana msimamizi anayemdai kitu kipya kila wiki mbili. Hapo ndipo penye kiini cha kweli cha tatizo kazini. Sababu huwa rahisi kuandikwa katika muda mfupi sana, pengine saa ile ile uamuzi ulipofanywa, na muda huo ndio mwandishi anapoharakishwa kuingia kazi inayofuata. Gharama ya kuandika inalipwa leo na mtu anayejulikana. Gharama ya kutoandika italipwa siku isiyojulikana, huenda na mtu mwingine, na haitaonekana kwenye hesabu yoyote isipokuwa kama siku tatu za «kuchunguza». Wakaguzi wa msimbo ndani ya timu wangeweza kulibadili hilo bila gharama kubwa kwa kuuliza swali moja zaidi wanapolipitia badiliko la mwenzao. Mara nyingi huuliza kama linafanya kazi. Waulize pia ni njia gani mwandishi aliiacha na kwa nini, na jibu lisiishie kwenye mazungumzo, bali liingie kwenye ujumbe wa badiliko kabla halijapokewa.

Tangu zana za akili mnemba zianze kuandika msimbo kwa wingi, hasa baada ya mwaka 2022, suala hili limepata sura mpya. Mwandishi anayeomba kipande cha msimbo, akakipokea, akaona kinafanya kazi na kukiingiza kwenye mradi, anaweza kuwa na msimbo ambao haukuwahi kuwa na nadharia kichwani mwa mtu yeyote. Ule wa zamani ulieleweka na mtu mmoja kwa kipindi kifupi; huu unaweza kuwa mgeni kwa mwenyewe tangu siku ya kwanza.

Zana hizohizo zinasifiwa kwa uwezo wa kueleza msimbo wa zamani, na kwa swali la mstari unafanya nini zinasaidia kweli. Zinaweza kumpunguzia mtu saa kadhaa za kufuatilia thamani. Ukiziuliza kwa nini, nazo zitajibu, kwa sentensi zilizopangika na kwa sauti ya uhakika, ingawa sababu haimo katika maandishi zilizopewa. Zitakisia kutokana na misimbo mingine inayofanana, na kisio hilo mara nyingi litakuwa la akili: zitasema sekunde mbili ni za kungoja faili likamilike, kwa kuwa hiyo ndiyo sababu ya kawaida. Mwandishi aliyechoka atalinakili jibu hilo na kuliweka juu ya mstari kama dokezo. Kuanzia hapo kisio limekuwa kumbukumbu, na atakayefuata ataliamini kuliko ambavyo angeuamini mstari mtupu, kwa kuwa mstari mtupu ulimlazimu kuuliza. Kama madokezo ya namna hiyo yataruhusiwa kuingia kwenye miradi, basi angalau yaandikwe waziwazi kuwa ni makisio, pamoja na tarehe na jina la aliyeyakubali, ili mtu atakayekuja kuyafanyia kazi aweze kuyatenganisha na sababu zilizoandikwa na mtu aliyekuwapo uamuzi ulipofanywa.